Lango la Maji na Alama Zinazolifunga

Wanangu wa Jumamosi, leo sitaki mtu afungue kompyuta. Funikeni. Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji, anajijua, aliniambia mbele ya wenzake, "Bibi, hizo alama tunazijua tangu darasa la kwanza. Kujumlisha, kutoa, sawasawa. Tufundishe kutengeneza gemu." Nikanyamaza, maana ningefungua mdomo ningesema neno la kunirudisha kwenye toba. Nimeandika programu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kulizwa na jambo kubwa. Nimelizwa na alama. Hizo hizo za darasa la kwanza.

Kwa lugha ya kazi tunaziita opereta. Lugha ya programu iitwayo C na ndugu zake wote, C++, Java, JavaScript na ile ya vibodi vidogo vya umeme, siyo kibodi cha kuchapia bali kile kibao cha chipu kinachoendesha mashine, wamerithi karibu opereta zile zile, kama watoto wa mama mmoja wanavyorithi pua. Ukizielewa kwa mmoja, kwa wengine unasalimia tu na kupita. Nitawaeleza, msiwe na wasiwasi. Lakini sianzi na ubao. Naanza na nyonga ya kaka yangu.

Kaka Hemedi ndiye mfungaji wa lambo letu kule juu ya Mlola. Ninyi wa Lushoto mjini mnaofungua bomba na kuondoka, sikilizeni. Lambo letu ni bwawa dogo la udongo na mawe, limekaa juu ya mashamba. Jioni lango lake linafungwa, usiku maji ya kijito yanajaa. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji mpaka kwenye kabichi na viazi vya watu, kila mmoja kwa zamu yake. Lisipofungwa jioni, asubuhi hakuna mwenye zamu. Kazi hiyo alikuwa nayo marehemu baba, akamwachia Hemedi pamoja na sharti lake: mfungaji haonji chakula cha jioni kabla maji hayajafungwa. Watu wakikosa maji, naye akose bada. Bada ni ugali, kwa wale ambao nyumbani hamsemi Kishambaa.

Sharti ni zuri, ila nyonga haisikii sharti. Kaka ni mtu mzima sana sasa, na njia ya kupanda lambo ni utelezi mtupu, ukungu ukishuka huoni mkono wako. Mwaka huu masika yakiishia alianguka. Tulimkuta amekaa kwenye magugu chini ya njia, tochi mkononi, anatugombeza sisi kwa kuchelewa. Nilicheka pale pale. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia, maana nilijua ipo siku tutamkuta na hatatugombeza.

Nikamwambia, "Kaka, pumzika. Nitakuwekea lango la mota, jioni lijifunge lenyewe."

"Na likisahau?"

"Mashine haisahau."

"Zaina, kila mfungaji husahau. Mimi mwenyewe nimewahi kusahau, watu wakanitazama vibaya mpaka Idi." Akafikiri, akijikanda nyonga. Nyumba yake iko kando ya mfereji, na maji yakipita yanasikika mpaka chumbani. Akasema, "Haya. Nipe jioni moja nikae hapa barazani, nisikie mfereji umenyamaza bila mimi kupanda. Siku hiyo nitavua buti. Lakini likishindwa, usinifungulie tena mdomo habari ya kukaa nyumbani."

Basi shikeni hapo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani: kaka yangu akae barazani, au aendelee kupanda ule utelezi mpaka umchukue.

Sasa niwarudishe nyuma, nilipokuwa msichana wa kazi mpya kwenye kiwanda cha chai, upande wa Usambara ya mashariki. Majani mabichi ya chai hutandazwa kwenye vitanda virefu, hewa ya joto ikapulizwa chini yake mpaka yanyauke. Sisi tulikuwa na kompyuta iliyowasha na kuzima hita. Bosi wangu alikuwa Bwana Onesmo, mtu mpole, mfupi, mwenye kalamu nne mfukoni na zote hazina wino. Tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetoka chuo, mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaandika hivi:

if (joto = 30) zimaHita();

Asubuhi nzima hita haikuwaka. Majani yamelala pale mabichi, msimamizi wa zamu anapiga kelele mpaka ndege wamehama. Mtanashati akaapa kwamba kipimajoto kimekufa. Bwana Onesmo hakubishana naye. Alimwambia tu, "Soma kwa sauti."

"Kama joto ni sawa na thelathini, zima hita."

"Wapi umeona 'sawa na'?"

"Hii hapa, Bwana Onesmo. Alama ya sawasawa."

"Hiyo siyo sawasawa. Hiyo ni 'weka'. Umeiambia kompyuta: weka thelathini ndani ya joto. Imeweka. Sasa joto ni thelathini hata kama nje kuna barafu."

Na kwa C, kitu chochote kisicho sifuri kinahesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo sharti likawa kweli kila mara, hita ikazimwa kila mara. Alama moja, =, inaweka. Alama mbili, ==, zinauliza: je, ni sawa? Tangu siku ile ofisini kwetu ikawa sheria. Ukifika kwenye = sema "weka". Ukifika kwenye == sema "je, ni sawa?" Na != sema "je, ni tofauti?" Atakayekosea ananunua mandazi ya chai ya saa nne. Mimi nilinunua mandazi mpaka mama muuzaji akawa ananiuliza habari za nyumbani kabla ya kunisalimia.

Na washeni maonyo ya kompaila, jamani. Kompaila ni ile programu inayotafsiri mlichoandika kwenda lugha ya mashine, na kosa hilo la = inaweza kukuonya. Ila vijana mnayazima maonyo kwa sababu yanajaza skrini. Sawa, zimeni. Mtakuja kunieleza.

Kusoma kwa sauti kumenisaidia maisha yangu yote ya kazi. Nawafundisha na ninyi. Lakini msikilize mpaka mwisho, maana kwenye lango la kaka kusoma kwa sauti kulituangusha, tena vibaya.

Kabla ya hapo tule plamu kidogo. Msimu wa plamu mwanangu Rajabu alikuwa ananiletea kikapu, watoto wa jirani wananizunguka. Nikiwa na plamu kumi na saba na watoto watano, kila mmoja anapata ngapi? Tatu. Zinabaki mbili, hizo za bibi. Kompyuta nayo inagawa hivyo hivyo ukiipa namba nzima. 17 / 5 inakupa 3, haikupi tatu na vipande. Haikati plamu kwa kisu. Na zile mbili zilizobaki unaziuliza kwa alama ya asilimia: 17 % 5 ni 2. Hiyo % haihusiani na asilimia hata kidogo, msije mkaniaibisha. Ni "baki". Ukitaka vipande, hakikisha namba moja ina nukta: 17.0 / 5. Nimewahi kumwona mtu mzima na digrii yake anaandika 1 / 2 * urefu, akapata sifuri, akashinda anatikisa kompyuta. Moja kugawa kwa mbili kwa namba nzima ni sifuri, mzee wangu. Sifuri ukizidisha kwa urefu wa mlima wowote ni sifuri.

Mkumbuke hiyo "baki". Ndiyo iliyomvua kaka yangu buti. Mnaona, nimeshawaambia mwisho. Sijui kuficha siri, ndiyo maana sikuolewa na mwanasiasa.

Turudi Mlola. Lango nililitengeneza na Eliza. Mnamfahamu, ni yule anayekaa nyuma Jumamosi, mama wa watoto wawili, fundi wa sola kutoka Mgwashi. Alikuja kwangu mara ya kwanza akasema, "Shikamoo, mama. Mimi waya nazijua, lakini kibodi kikianza kutaka programu naita mtu kutoka Tanga. Nimechoka kuita mtu." Nikampenda hapo hapo. Mtu aliyechoka kuita mtu anafundishika.

Eliza akafunga paneli ya sola juu ya nguzo, betri na kibodi cha kuliongoza lango ndani ya sanduku, mota kwenye lango, na mpini wa kufungia kwa mkono endapo mota itagoma. Kibodi kina saa ndani yake. Sasa saa ya kompyuta inaanza kuhesabu katikati ya usiku, sifuri, inapanda mpaka ishirini na tatu, inarudi sifuri. Saa kumi na mbili asubuhi yetu kwake ni 6. Saa kumi na mbili jioni ni 18. Hilo tulilijua wote. Eliza akaandika kwanza hivi:

if (18 <= saa < 6)

Nikamsimamisha. Hiyo ni hesabu ya shuleni, C haiisomi hivyo. C inachukua kipande cha kwanza, 18 <= saa, inapata jibu kweli au si kweli, yaani moja au sifuri. Kisha inauliza: hiyo moja au sifuri ni ndogo kuliko sita? Daima ni ndogo. Lango lingefungwa mchana na usiku, mpaka watu wa kabichi wapande na majembe. Kila ulinganisho unatakiwa usimame peke yake, kisha unaunganisha viwili kwa opereta za mantiki. Ziko tatu. && ni "na": pande zote mbili ziwe kweli. || ni "au": upande mmoja ukiwa kweli unatosha. ! ni "si": inageuza.

Nikamweleza na tabia zao. && ni mvivu mwenye akili. Upande wa kushoto ukishakuwa si kweli, wa kulia hauangalii kabisa. Ni kama kupiga hodi. Kama hakuna mwenyeji huulizi habari za watoto. Kwa hiyo ukitaka kugawa kwa namba inayoweza kuwa sifuri, linda kwanza upande wa kushoto: idadi != 0 && jumla / idadi > 5. Ukiandika & moja tu badala ya mbili, ulinzi huo umekwisha, maana & moja ni opereta nyingine, inafanya kazi na tarakimu za ndani, zile sifuri na moja ambazo kompyuta huandikia namba, na itaangalia pande zote mbili upende usipende.

Tena && inashika kwa nguvu kuliko ||. Ukimwagiza mtu sokoni "viazi au ndizi na maharage", wewe ulitaka maharage kwa vyovyote vile. C itakuletea viazi vitupu, na itakuwa imetii, maana kwake ndizi na maharage ni fungu moja. Weka mabano: (viazi || ndizi) && maharage. Mabano hayana gharama. Kuna watu wanajivunia kukariri lile jedwali refu la nani anamtangulia nani. Mimi nimelikariri, na bado naweka mabano, kwa sababu atakayesoma baada yangu huenda ana homa.

Basi Eliza akarekebisha:

if (saa >= 18 && saa < 6) fungaLango(); else funguaLango();

Tukaisoma kwa sauti, sheria ya Bwana Onesmo. "Kama saa ni kumi na nane au zaidi, na ni pungufu ya sita, funga. La sivyo, fungua." Toka jioni mpaka asubuhi. Ikaingia masikioni kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Tulikuwa tumetoka kukamata kosa moja, tukajiona wajanja. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Tulikuwa wawili, likaharibika.

Na jaribio letu je? Tulilifanya mchana, jua la utosi. Tukabonyeza kitufe, mota ikafunga, ikafungua, watu wakapiga makofi. Kisha programu ikaachwa iendeshe, lango likabaki wazi kama inavyotakiwa mchana. Tukashuka tumefurahi. Mkitaka kujua programu ya usiku, jamani, ipeni saa ya usiku. Mchana haukuwa na kitu cha kuliuliza lango lile.

Jioni ile tukakaa barazani kwa kaka. Kaka kwenye kiti chake, buti ziko mlangoni, bada inapungua moto jikoni. Saa kumi na mbili ikafika. Mfereji unaimba. Nikasema pengine saa ya kibodi imechelewa kidogo. Ikapita. Mfereji unaimba. Ukungu ukaanza kushuka kutoka msituni, na kaka akainuka, akavuta buti.

"Kaka, ngoja niende mimi."

"Wewe Zaina miguu yako ni ya ofisini."

"Baba, naomba niende mimi," Eliza akasema. "Kosa ni langu, siyo la lango."

"Maji hayaulizi kosa ni la nani, binti."

Akapanda. Tulimfuata nyuma, mimi na Eliza, na sijawahi kuiona njia ile ndefu vile. Alikuwa anashika majani kwanza, anajaribu kama yatambeba, ndipo anahamisha mguu mbaya. Pale alipoangukia alisimama kidogo, akapita kwa upande. Nilitamani kumshika mkono nikaogopa kumwaibisha. Akafika, akazungusha mpini, maji yakasimama. Eliza akachomoa waya wa mota lango lisije likafunguka tena. Tulirudi nyumbani akala bada iliyopoa, akaenda kulala bila kutuaga.

Nilikasirika, wanangu. Siyo na Eliza, siyo na kibodi. Nilikasirika kwamba nimetunza mashine za watu wengine muda wote ule, na mtu wangu mwenyewe nimeshindwa kumfungia lango.

Asubuhi yake Eliza alikuja mapema kuliko kawaida, kumbe ameshapanda na kaka kufungua maji. Akamwomba huko huko lamboni jioni moja zaidi. Sijui alimwambia nini, ila kaka aliniambia, "Huyu fundi wako si mwenye maneno mengi. Nimempa leo. Lakini leo nitakaa na buti mguuni."

Tukakaa jikoni kwa kaka, mimi na Eliza. Nikamwambia, leo hatusomi. Leo tunaiishi. Wewe ndiye saa. Wewe ni ishirini, yaani saa mbili usiku.

"Mimi ni ishirini," akasema. "Ni kumi na nane au zaidi? Ndiyo. Na ni pungufu ya sita?" Akahesabu tena. "Hapana."

"Haya, sasa wewe ni tatu, saa tisa za usiku."

"Pungufu ya sita, ndiyo. Kumi na nane au zaidi... hapana." Akaweka kikombe chini. "Mama! Hakuna saa hapa duniani inayoweza kuwa vyote viwili. Hilo lango halitafungwa mpaka kiyama."

Tukacheka mpaka wifi, mke wa kaka, akaja kuchungulia. Kisha tukaulizana, watu wazima wawili, tumepitaje hapo? Na jibu, wanangu, liko kinywani mwetu. Kwetu sisi usiku ni kitu kimoja. Jua likizama siku mpya imeanza. Alhamisi jioni ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na unakwenda mzima mzima, saa moja, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hatuuvunji popote. Kompyuta inauvunja usiku katikati, kipande kimoja kinabaki huku na namba kubwa, kingine kinaanguka kule na namba ndogo. Tuliposoma kwa sauti tulikuwa tunausikia usiku wetu, mzima. Mtu wa kuhesabu siku kuanzia usiku wa manane huenda angeshtuka. Sisi masikio yetu yaliridhika.

Dawa ya haraka ni kubadilisha && kuwa ||: saa >= 18 || saa < 6. Kipande hiki au kipande kile. Ingetosha, na mngeandika hivyo nisingewagombeza. Lakini Eliza alikuwa anatazama nje, anafikiri. Akasema, "Mama, kwani lazima tumfuate huyu kompyuta? Yeye aje kwetu. Tumhesabie kuanzia machweo."

Akaandika (saa - 18) % 24. Toa kumi na nane, chukua baki ya ishirini na nne, pata saa zilizopita tangu jua lizame. Zikiwa pungufu ya kumi na mbili, ni usiku. Nikafurahi, lakini mara hii nikasema, iishi kwanza. Wewe ni ishirini. "Mbili. Usiku. Sawa." Wewe ni kumi na mbili, mchana wa jua kali. "Kumi na mbili toa kumi na nane, hasi sita. Baki yake..." Tukajaribu kwenye kibodi. Kikajibu hasi sita. C ikigawa namba hasi, baki nayo hutoka hasi. Na hasi sita ni pungufu ya kumi na mbili, kwa hiyo kibodi kingeona saa sita mchana ni usiku, kikawafungia watu maji jua la utosi. Mnaona kwa nini tunaishi kwanza?

Kwa hiyo badala ya kutoa kumi na nane, ongeza sita. Kwenye mzunguko wa ishirini na nne ni pale pale, ila huingii kwenye hasi:

if ((saa + 6) % 24 < 12) fungaLango(); else funguaLango();

Jioni ya kumi na nane: ishirini na nne, baki sifuri. Funga. Saa tisa usiku: tatu na sita, tisa. Bado imefungwa. Na mnaona, kibodi kimekuwa kinasema tisa kama tunavyosema sisi. Asubuhi ya sita: kumi na mbili, siyo pungufu ya kumi na mbili, fungua. Mchana: kumi na nane, wazi. Tuliiishi kila saa, moja baada ya moja, mpaka chai ikaisha. Kisha Eliza akapanda kuiweka, na safari hii akakiongopea kibodi saa: akakiambia ni jioni, akatazama lango linafungwa kwa macho yake. Akakiambia ni asubuhi, likafunguka. Ndipo akakirudishia saa yake ya kweli.

Jioni kaka akakaa barazani, buti mguuni kama alivyoahidi, tochi mapajani. Wifi amefunika bada. Mfereji unaimba. Eliza amesimama karibu na nguzo ya baraza, mikono ameikunja, midomo inacheza. Mlutheri huyu alikuwa anasali, nadhani, na mimi kimoyomoyo nilikuwa naleta uradi wangu. Hakuna aliyetazama saa. Tulikuwa tunatazama miguu ya kaka.

Maji hayanyamazi ghafla. Yanapungua kwanza, yanakuwa kama mtu anayezungumza huku anaondoka. Kaka aliinua kichwa. Yakapungua tena. Kisha tukasikia mbuzi wa jirani, na mtoto anaitwa akaoge, na majani ya mgomba, sauti ambazo pale kwake jioni huzisikii kwa sababu ya mfereji.

Nikaona kaka anashika mkono wa kiti, kama anayetaka kuinuka. Nikasema moyoni, atapanda tu kwenda kuhakikisha, huyu. Sikumlaumu.

"Ni nani amefunga?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Ni lango, baba," Eliza akasema. "Limefunga lenyewe."

"Hapana. Umefunga wewe."

Akainama, akavua buti ya kwanza kwa taabu, kisha ya pili. Wifi akatokea mlangoni hana hata swali. Kaka akamwambia alete bada, na sahani ya fundi. Kisha akazisukuma zile buti kwa kidole cha mguu mpaka zikafika mbele ya Eliza, maana ile paneli juu ya nguzo inashika ukungu na kuvu, na kila wiki lazima mtu apande kuifuta.

"Chukua," akasema. "Zitakupwaya. Vaa soksi mbili."